Ulifikiri Zabibu Hujichuma?

Niwaambie ukweli kabla hamjaendelea kunimwagia mioyo. Ndiyo, ni mimi kwenye ile picha ya baiskeli. Na ndiyo, hayo yaliyo nyuma yangu ni mashamba ya mizabibu ya Rioja, kaskazini mwa Uhispania. Nilizunguka kilomita 140 hivi kwa siku 4 na sikuanguka hata mara moja. Lakini ile picha imekata kitu, na hicho kitu ndicho nataka tuongee leo.

Kwanza mjue nilifikaje, maana nishaona watu wanauliza doh imetoka wapi. Niko Zaragoza kwa muhula mmoja wa masomo, kwa ufadhili. Jamaa tunayeishi naye nyumba moja ana baiskeli anayoiacha tu ukutani, akaniambia chukua, zunguka, ila uirudishe na tairi zote mbili. Ijumaa asubuhi mapema nikaipandisha kwenye treni ya mkoa, ile ya polepole, na hakuna aliyeniuliza swali. Hebu jaribu hivyo na matatu ya Rongai.

Nilishukia Logroño, mji mkuu wa La Rioja, ulio kando ya mto Ebro. Kwa wale wa michezo: mwaka 2017, kwenye mashindano ya Vuelta a España, hatua ya kukimbia peke yako dhidi ya saa iliishia mji huu huu, na aliyeshinda ni Chris Froome. Huyo alizaliwa Nairobi mwaka 1985 na akajifunza kuendesha na David Kinjah pale Kikuyu. Basi nikajiambia, kama kijana aliyeanzia barabara za vumbi za Kikuyu alifika hapa akiruka, mi pia nitafika, hata kama ni kwa kusukuma.

Na nilisukuma, manze. Kutoka Logroño hadi Laguardia ni kilomita 17 hivi, na Laguardia iko juu ya kilima kama vile iliwekwa hapo kwa ajili ya kukukomoa. Kitu kimoja kiliniokoa: madereva. Sheria ya Uhispania inataka gari likikupita liache mita 1.5 kati yake na wewe, na wengi wanaiheshimu. Lori likikaa nyuma yangu linangoja, mi nilikuwa nasimama kando kwa hofu. Nimezoea Thika Road, ambako njia ya baiskeli ni ya boda, ya mama wa mahindi, na ya prado iliyochoka foleni.

Laguardia ni mji wa zamani wenye kuta za mawe pande zote. Ndani magari ya kawaida hayaingii, kwa sababu chini ya nyumba kumechimbwa mapango mengi ya kuwekea mvinyo. Ardhi imekuwa tupu kama maandazi. Ukisimama ukutani unaona milima ya Sierra de Cantabria upande wa kaskazini, inayozuia baridi na mvua za upande huo, na chini yake mizabibu hadi macho yanachoka. Ilikuwa Oktoba, msimu wa mavuno, majani yameanza kuwa mekundu. Hapo ndipo nilipiga ile picha.

Sasa tukuje kwa kitu kilichokatwa.

Nilikuwa nimepita Elciego, pale penye hoteli ya Frank Gehry yenye paa la vyuma vilivyojikunja kama utepe. Nikasimama kando ya shamba nile mkate wangu. Pikapu ikapunguza mwendo. Mzee ndani akashusha kioo, akaniangalia mimi, akaangalia baiskeli, akauliza, “¿Buscas trabajo?” Yaani, unatafuta kazi? Akaonyesha kwa kidole trakta iliyokuwa mbali, akasema niende nimwone mnyapara, wanahitaji watu wa kuchuma.

Hakunitukana. Hakupandisha sauti. Hata alitabasamu. Lakini mi niliwaka. Nikamwambia kwa Kihispania changu kibovu kwamba mimi ni mwanafunzi, niko hapa kutalii. Nilitamka “kutalii” kama mtu anayeonyesha kitambulisho getini. Akasema samahani, akaenda zake. Mi nikaendesha kilomita zote zilizobaki hadi Haro nikiongea peke yangu. Kwani Mwafrika akisimama kando ya shamba lazima awe kibarua? Wazungu wangapi wamenipita leo na baiskeli, mbona hao hawaulizwi?

Na hilo swali bado nasimama nalo. Ni swali halali. Lakini halikuwa lote.

Haro ni mji unaojiita mji mkuu wa mvinyo wa Rioja. Karne ya 19, mdudu mdogo anayeitwa filoksera alikula mizizi ya mizabibu ya Ufaransa, biashara ikaanguka, na wafanyabiashara wa Kifaransa wakavuka mpaka kutafuta mvinyo. Haro ilikuwa na reli, kwa hivyo maghala yakajengwa kuzunguka stesheni, na mengi yapo hadi leo. Baadaye mdudu alifika Rioja pia. Dawa ikawa kupandikiza mizabibu ya Ulaya kwenye mizizi ya Kimarekani ambayo mdudu haiwezi. Kwa hivyo hata huu mvinyo wanaojivunia umesimama kwenye mizizi ya mgeni. Hiyo nilicheka nayo peke yangu usiku huo, lakini nilikuwa bado nimekasirika.

Kwa wanaouliza kama nilionja: sinywi. Niliagiza mosto, juisi ya zabibu ambayo haijachacha, inauzwa kila baa na hakuna anayekushangaa. Na wewe unayekunywa, jua kwamba sheria ya pombe huko inamhusu pia mwenye baiskeli. Unapulizishwa na unalipa faini kama mwenye gari.

Siku ya pili nilifika Santo Domingo de la Calzada, kwenye ile njia ya mahujaji wanaoenda Santiago. Ndani ya kanisa kuu kuna jogoo na kuku hai, wamewekewa kibanda chao juu ukutani. Si mzaha. Hadithi yake ni kwamba kijana hujaji kutoka Ujerumani alisingiziwa kuiba kikombe cha fedha, akanyongwa. Wazazi wake wakamkuta bado yuko hai kwenye kamba. Wakakimbia kwa hakimu aliyekuwa mezani anakula. Hakimu akasema kijana wenu yuko hai kama hawa kuku wa kuchoma kwenye sahani yangu. Kuku wakasimama wakawika.

Nikafikiria, huu mji umefuga kuku kwa karne nyingi ili kukumbuka mgeni mmoja aliyedhaniwa vibaya. Nikajihurumia vizuri sana. Nikaona ile hadithi ni yangu.

Siku ya tatu nilienda San Millán de la Cogolla, penye nyumba mbili za watawa, Suso ya juu na Yuso ya bonde, ambazo UNESCO ilizitambua mwaka 1997. Miaka kama 1,000 iliyopita mtawa alikuwa anasoma kitabu cha Kilatini, na pale kilipokuwa kigumu akaandika maelezo pembeni kwa lugha waliyoongea watu wa kawaida. Zile alama za pembeni ni kati ya maandishi ya kale zaidi ya lugha iliyozaa Kihispania, na humo kuna maneno ya Kibaski pia. Kitabu chenyewe kiko Madrid siku hizi. Wewe uliyechapwa kwa kuandika Sheng kwenye insha, jipe moyo. Pembeni ya kitabu ndipo lugha ilianzia.

Nililala Nájera, mji ambao wafalme wa Navarra wamezikwa. Na Jumatatu, siku ya mwisho, nikapata pancha.

Ilikuwa kati ya Nájera na Navarrete, njia ya changarawe, mizabibu kushoto na kulia. Pampu yangu ilikuwa imekufa. Shambani kulikuwa na watu kama 10 wanachuma. Mmoja akaniona ninavyohangaika, akaja. Alikuwa wa Senegal, mtu mzima, Kihispania chake kimenyooka. Akaniita ndugu. Akaenda kwenye gari lao akaleta pampu, akaniletea na maji. Wakati wao wa kupumzika ulipofika nikakaa nao: yeye, vijana wawili wa Mali, na wengine waliotoka Romania na Morocco. Wakanipa mkate na zabibu.

Mi, kama mnavyonijua, nikatoa simu. Kabla sijabonyeza, mmoja wa wale vijana wa Mali akainua mkono mbele ya uso wake. Yule kaka mkubwa akaniambia polepole, “Mashamba piga. Mikono piga ukitaka. Sura, hapana.” Akasema nyumbani kwa yule kijana hawajui anafanya kazi gani. Wanajua tu yuko Ulaya.

Nikarudisha simu mfukoni. Wakaniuliza, na kwenu mnalima nini? Nikasema kahawa. Nani anachuma? Na hapo nikasikia mdomo wangu unataka kusema “tuko na shamba,” vile huwa nawaambia watu chuoni, kama vile sisi ni matajiri wa kahawa. Nikasema ukweli. Shosho wangu. Ana mashina machache Murang'a, na yakiisha anachuma ya wengine kwa debe.

Wakacheka wote, kile kicheko cha kukukaribisha. Wakanipa mkasi nijaribu. Mizabibu ile ya zamani haina nyaya, ni mifupi, haifiki hata kiunoni. Unainama, unakata kishada, unaweka kwenye kreti, unainama tena. Nilidumu nusu saa. Mgongo ulikuwa unaniita kwa majina yote mawili. Na huo mgongo niliujua. Ndio ule shosho huukunja akirudi kutoka fakitori jioni, na mi niko kwenye kochi naangalia simu.

Hapo ndipo nilielewa. Yule mzee wa pikapu alikosea kunidhania kwa rangi, na hilo sifuti. Lakini hasira yangu ilikuwa na kitu kingine ndani. Niliwaka kwa sababu alinifananisha na wachumaji, na mi niliona huo ni utusi. Mjukuu wa mchumaji. Nimepost video za mtaa, za matatu, za chapati. Nina video za shosho zaidi ya 20, na kila moja nimekata ile sehemu ya kikapu kiunoni na mikono myeusi ya utomvu. Yule kijana wa Mali alificha uso wake mwenyewe, na alikuwa na sababu zake. Mi niliuficha uso wa mtu mwingine, bila kumuuliza, kwa aibu yangu.

Huko Rioja chupa inabeba jina la mahali na muhuri wa nyuma wa kuthibitisha. Mtu wa Nairobi anaweza kukuambia Rioja ni nini. Kahawa ya shosho inaondoka Murang'a, inachanganywa na za wengine, na anayeinywa Ulaya hajui kama kuna kijiji. Hilo ni la serikali na masoko, tutaliongelea siku nyingine. Lakini hata kwenye ukurasa wangu, ambao hauna waziri wala broka, nilikuwa nimemfuta.

Jioni nikiwa Logroño nangoja treni nikampigia. Swali la kwanza likawa lile lile la kila siku.

“Umekula?”

“Nimekula, shosh. Leo nimechuma zabibu.”

Akanyamaza kidogo. “Wewe? Na huo mgongo wako?”

“Nusu saa tu. Shosh, sikujua inauma hivyo.”

Akacheka hadi akakohoa. “Kwani ulifikiri zabibu hujichuma?”

Nikamuomba ruhusa nipost ile video ya Desemba, yenye kikapu. Akasema sawa, ila nisubiri avae kile kitambaa chake kizuri tupige upya, kwa sababu ile ya zamani alikuwa amevaa sweta ya marehemu guka. Kwa hivyo mtaingoja hadi nirudi.

Kama unapanga kwenda: beba pampu inayofanya kazi, vaa helmeti ukiwa nje ya mji, na nunua chakula kabla ya saa nane mchana, maana maduka mengi yanafungwa hadi jioni. Ukiona watu wamekunja mgongo shambani, salimia.

Na wewe, kazi gani ya watu wako huwa unaikata kwenye picha?