Kutoka Bondeni Hadi Marigat

Mgeni ashukaye katika steji ya magari mjini Nakuru huonywa mapema: chunga mfuko wako! Katika mitaa kama Bondeni na Kaptembwo, kijana aliyepotoka hunyakua simu na mikoba. Mwaka 2022, kundi liitwalo Confirm liliwatia wakazi hofu kuu.

Sasa panda matatu uelekee kaskazini, upite Mogotio kwenye mstari wa ikweta, hadi Marigat katika Baringo. Ni mwendo wa takriban kilomita 100 tu, lakini huku mzee haulizi habari za simu. Huuliza kama mifugo imelala salama. Huku kijana aliyepotoka hubeba bunduki, akavizia ng'ombe na mbuzi. Mwaka 2023 serikali ilituma hata wanajeshi.

Umri wa vijana hao ni ule ule. Katika daftari la polisi, simu moja ni kesi moja, na uvamizi mmoja ni kesi moja. Lakini uvamizi huhamisha kijiji kizima na kufunga shule. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Je, msomaji, atakunjwa na nani ikiwa mwalimu amekimbia?