Kuuliza si ujinga

Mimi ni mwalimu wa zamani. Kwa miaka 31 niliwafundisha watoto wa Bukavu kusoma na kuhesabu, na kila siku niliwaambia: «Asiyefahamu na ainue mkono.» Lakini zamu yangu ya kuinua mkono ilipofika, sikuuinua. Kosa hilo karibu liniue, tena karibu livunje jamaa yetu.

Mwaka wa 2019 nilianza kushindwa kupanda mlima kutoka soko la Kadutu. Usiku nililala nimeketi, maana nilipojinyosha pumzi zilikatika. Jioni viatu havikuingia miguuni. Jirani mmoja akaninong'oneza: «Mwalimu, hiyo ni sumu. Ulikunywa kwa nani?» Nikakumbuka pombe ya ndizi niliyokunywa kwa mdogo wangu, siku tulipogombana juu ya shamba la marehemu baba. Tangu hapo sikumwamkia tena.

Hospitalini daktari alinieleza ya kuwa moyo wangu umelegea kwa sababu ya damu kupanda. Alisema mengi, nami kwa kila neno niliitika: «Ndiyo, Daktari.» Kweli sikufahamu hata nusu, ila niliona haya kuuliza. Nikanywa vidonge mwezi mmoja. Uvimbe ulipokwisha nikasema: «Nimepona», nikaviacha, na kwa fedha yake nikanunua makayabu, samaki wa chumvi nimpendaye. Hazikupita siku nyingi, nikarudishwa hospitalini usiku nimebebwa, nikitafuta pumzi kama samaki aliyetolewa ziwani.

Safari hii muuguzi mmoja aliketi kando ya kitanda changu. Hakuniuliza kama nimefahamu. Alisema: «Mwalimu, leo mimi ni mwanafunzi wako. Nifundishe ugonjwa wako.» Nikafungua kinywa, nisipate neno. Naye hakucheka. Akakunja ngumi, akasema: «Moyo wako ni kama ukubwa huu, nao hupiga mara 100.000 hivi kila siku kusukuma damu. Miaka mingi umesukuma kwa taabu, umechoka, na maji yanabaki miguuni na mapafuni. Chumvi huyazuia mwilini. Vidonge hivi huyatoa kwa mkojo, na hivi vingine huusaidia moyo. Uvimbe ukipungua, ndiyo alama kwamba dawa inafanya kazi, si ruhusa ya kuiacha.» Kisha akanitaka nimrudishie maneno hayo, mara ya pili na ya tatu, mpaka nikayasema bila kukosa. Nilipoyasema, niliona wazi kwamba hadithi ya sumu haina mahali pa kukaa.

Sasa nina mizani na daftari. Kila asubuhi, kabla ya kula, najipima na kuandika. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Hesabu hiyo niliifundisha mwenyewe! Basi nikiongezeka kilo 2 kwa siku 3, si unene, ni maji, nami narudi kwa daktari bila kungoja. Mwaka jana ilitokea hivyo. Nilikwenda kwa miguu yangu, nikaonyesha daftari, dawa ikazidishwa kwa siku chache, nikalala kwangu usiku ule ule. Mke wangu hupika sombe kwa vitunguu na pilipili, bila chumvi. Moyo wangu haukupona, lakini woga umenitoka.

Baada ya kutoka kitandani nilikwenda kwa mdogo wangu, nikamwomba msamaha. Alinyamaza kitambo kirefu, halafu akaleta kiti. Nilimfundisha somo langu, tukaenda pamoja apimwe. Kumbe damu yake pia ilikuwa imepanda, naye hakuwa na habari. Leo anakunywa dawa, na shamba tunalilima wote wawili.

Baba na mama mnaosoma, msitoke mbele ya mganga na «ndiyo» tupu mdomoni. Mwambieni: «Ngoja nikurudishie maneno yako.» Mkishindwa, mwulizeni tena.