Shavu la Mtoto Likivimba, Tusingoje Mavuno

Haya tunawaandikia dada zetu, na hasa nyinyi mabibi harusi mnaojiandaa kwenda kuishi mbali na kwenu.

Sisi ni wanawake wa Unguja na Pemba tulioolewa Sumbawanga. Huku Ufipa ni juu, karibu mita 1,800 kutoka usawa wa bahari. Mwezi wa Juni tunalala na mablanketi mawili, na nazi ni ya kutafutwa. Ugali wa ulezi na maharage tumeshauzoea. Lakini lipo jambo ambalo makungwi wetu hawakutufunda: namna ya kusimama na mama ambaye mwanawe ana saratani.

Mama mmoja alipanda kutoka Bonde la Rukwa akapanga chumba jirani nasi. Mwanawe wa miaka sita alikuwa amevimba shavu, na meno ya upande ule yamelegea. Kwenye zahanati moja alipewa dawa ya jino. Ndugu wakasema karogwa, akachanjwa chale. Wiki tatu zikapita, uvimbe ukafika chini ya jicho.

Wenyeji hutuambia kwamba jina la Sumbawanga kwa Kifipa maana yake ni kutupa uchawi. Basi na tuutupe, kwa sababu ugonjwa huu una jina na una historia hapa hapa Afrika Mashariki. Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, Kampala, daktari mpasuaji Denis Burkitt alionyeshwa mtoto aliyevimba taya pande zote mbili. Mwaka uliofuata aliandika habari za uvimbe huo, na mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari maelfu ya maili, wakiuliza hospitali baada ya hospitali. Wakaona kwamba unapatikana zaidi kwenye nchi za joto na mvua, na ni nadra kwenye nyanda za juu zenye baridi. Baadaye wataalamu walieleza kwamba kirusi ambacho watu wengi wanacho mwilini, pamoja na malaria ya mara kwa mara, huchangia ugonjwa huo. Ndiyo maana bondeni kwenye Ziwa Rukwa na mwambao wa Tanganyika, ambako mbu ni wengi, tunatakiwa tuwe macho zaidi. Hautokani na jicho la mtu, na mtoto mwenye saratani haambukizi wenzake. Wacheze naye.

Uvimbe wa Burkitt hukua haraka mno, unaweza kuongezeka maradufu kwa siku chache. Hapo hapo, ni miongoni mwa saratani zinazosikia dawa vizuri sana zikiwahiwa.

Dada zetu, dalili nyingine za saratani za watoto ni hizi:

- Weupe ndani ya mboni ya jicho, unaong'aa hasa ukimpiga mtoto picha kwa mwanga, au makengeza yaliyoanza ghafla.
- Tumbo lililovimba upande mmoja, mara nyingi mama huligundua akimwogesha.
- Homa zisizokwisha, kupauka, kuvilia damu au kutokwa damu bila sababu.
- Maumivu ya mifupa yanayomwamsha usiku, au kichwa kuuma na kutapika kila asubuhi.

Si kila mwenye dalili hizi ana saratani. Lakini mficha maradhi kilio humuumbua. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watoto na vijana wapatao 400,000 hupata saratani kila mwaka. Kwenye nchi tajiri zaidi ya 80 katika kila 100 hupona. Kwenye nchi nyingi maskini hawafiki 30, na sababu kubwa ni kuchelewa, kukosa dawa, na kuacha matibabu njiani.

Hilo la kuacha njiani ndilo lililotutisha sisi. Kutoka hospitali ya mkoa, mtoto wetu alipewa rufaa Mbeya, zaidi ya kilomita 300, kisha Muhimbili, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000. Huko Muhimbili, shirika la Tumaini la Maisha husaidia watoto wenye saratani watibiwe bila familia kulipia, na wazazi wa mbali wapate pa kulala. Lakini nauli nani atatoa? Na wadogo zake wawili watabaki na nani?

Baada ya dozi za mwanzo shavu likarudi kama zamani. Baba akapiga simu: mtoto kapona, rudini, maharage yanaozea shambani. Madaktari wakasema bado, dozi zikikatizwa uvimbe unaweza kurudi na nguvu zaidi. Mama alilia kwenye simu. Alihofia mwanawe na alihofia ndoa yake.

Yeye ni Mkatoliki, kama walivyo wengi Ufipa. Wanawake wa jumuiya yake na sisi wa darsa ya Alhamisi tukakaa mkeka mmoja. Wao wakashuka kuvuna maharage, sisi tukachukua watoto na kuchanga nauli. Mume wa mwenzetu akazungumza na yule baba, kiume, bila kumfedhehesha. Baba akakubali. Tunapoandika haya, mtoto bado yuko kwenye matibabu, nywele zimekatika, na anadai samaki wa kukaanga. Tunamwombea.

Bi harusi, tuna ombi. Kwenye bajeti ya singo, hina na kitchen party, tenga fungu dogo la nauli ya mama mmoja. Ukienda kumtazama mgonjwa, mpelekee uji, sabuni na vocha, na usimuulize alikosea nini. Mtume wetu ametufundisha kwamba Mwenyezi Mungu hakuteremsha ugonjwa ila ameuteremshia dawa. Dua na hospitali huenda pamoja. Kumpeleka mtoto kutibiwa hakupunguzi kutawakali.

Na leo ukimwogesha mwanao, mpapase tumbo, mtazame macho, mwangalie kinywa. Ukiona usichokielewa, nenda kesho asubuhi.

Yaa Shaafi, waponye watoto wetu wote, wa pwani na wa bara. Amin.