Kuhesabu si Kumdharau Mtu



Wengi wetu hutumia kompyuta au simu kila siku, lakini ni wachache wanaojua kwamba ndani yake mna programu moja iliyo mkubwa wa programu zote. Mafundi huiita kerneli, ndiyo kusema kiini. Hiyo ndiyo inayogawa kumbukumbu ya mashini. Ndiyo inayoamua programu gani ifanye kazi sasa na ipi ingoje. Programu nyingine zote huiomba ruhusa. Yenyewe haimwombi mtu.

Kwa sababu hiyo kosa la kerneli halifanani na makosa mengine. Programu ya kuandikia barua ikikosea, inafungwa yenyewe, na kazi nyingine zinaendelea. Kerneli ikikosea, mashini nzima inasimama. Tena inasimama kwa kusudi. Ikitambua kwamba imesoma mahali pasipofaa katika kumbukumbu, haiwezi tena kuziamini hesabu zake, nayo huona ni afadhali kuzimika kuliko kuendelea na kuharibu maandishi ya watu. Katika mashini za Windows, kwa miaka mingi, kioo kilikuwa kikigeuka buluu. Sisi tunaotengeneza kompyuta tunaijua sana rangi hiyo, wala hatuipendi.

Basi, tuwaeleze habari za siku ambayo rangi hiyo ilionekana pande nyingi za dunia kwa mara moja.

Ilikuwa Ijumaa, tarehe 19 mwezi wa 7, mwaka 2024. Kampuni moja ya Marekani, jina lake CrowdStrike, hufanya programu ya kulinda kompyuta zisiingiwe na wezi. Mlinzi huyo, ili aone kila kitu, amepewa nafasi ndani ya kerneli yenyewe. Na kwa kuwa wezi hubadili hila zao kila siku, kampuni humpelekea mlinzi wake mafaili madogo ya kumfundisha hila mpya. Siku ile, saa 12 na dakika 9 asubuhi kwa saa za Bukavu na Lubumbashi, faili moja la namna hiyo lilipelekwa. Saa 1 na dakika 27 kampuni ikalirudisha. Zilikuwa zimepita dakika 78 tu. Lakini katika dakika hizo mashini kama milioni 8 na nusu zilikuwa zimekwisha kuanguka.

Ndege zikabaki chini. Shirika la Delta peke yake lilifuta safari 7,000 hivi katika siku zile. Hospitali zikaahirisha kazi. Katika Uingereza waganga wengi hawakuweza kufungua maandishi ya wagonjwa wao. Watu wakauliza: ni adui gani aliyefanya hivi? Kumbe, hakuna adui. Aliyeangusha mashini ni mlinzi wake mwenyewe.

Kosa lilikuwa nini? Linashangaza kwa udogo wake. Kanuni ya kazi ile ilisema kwamba mlinzi atapewa vitu 21 vya kulinganisha. Lakini sehemu ya programu iliyomletea vitu hivyo ilileta 20 tu. Kwa miezi kadhaa hakuna aliyeona, maana mafaili ya kwanza yalisema juu ya kitu cha 21: «chochote kitafaa». Basi mlinzi hakuwa na haja ya kukitazama. Faili la tarehe 19 ndilo la kwanza lililosema: «Tazama kitu cha 21.» Mlinzi akaenda mahali pa 21, kumbe orodha imekoma kwenye 20. Akasoma lililokuwa mbele ya mwisho wa orodha, akalichukua kama anwani ya kweli, akaifuata. Kerneli ikaanguka.

Mtasema: Je, hakukuwa na mkaguzi? Alikuwako. Programu nyingine ilikagua faili kabla ya kulipeleka, ikasema ni zuri. Lakini mkaguzi huyo naye aliamini kwamba vitu 21 vitaletwa. Aliangalia maandishi ya kanuni, hakuhesabu vitu vyenyewe.

Sasa tutazame jinsi walivyotengeneza. Kazi ya kwanza ilikuwa kuzisimamisha tena mashini zilizoanguka, na hiyo ilikuwa kazi ya mikono. Mashini nyingi zilianguka kila zilipowashwa, kwa hiyo haikuwezekana kuzipelekea dawa kwa intaneti. Ilimpasa fundi akae mbele ya kila moja, aiwashe kwa namna ya usalama ambayo haimwamshi mlinzi, alitafute faili lile lenye namba 291, alifute, halafu aiwashe upya. Na pale ambapo diski ilifungwa kwa ufunguo wa siri, ilimpasa kwanza aandike namba ndefu ya kufungulia, tarakimu 48. Kosa liliingia kwa dakika chache. Kuliondoa kulikula siku nyingi.

Lakini kufuta faili ni kumwinua aliyeanguka tu. Shimo bado liko njiani. Dawa yenyewe ilikuja baadaye katika mwezi uleule: mlinzi alifundishwa kwamba kabla hajanyosha mkono kuchukua kitu cha 21, ahesabu kwanza kama orodha inafika 21. Kama haifiki, akatae faili, mashini iendelee. Tena wakaamua kwamba mafaili mapya yasipelekwe kwa watu wote kwa mara moja, bali kwa wachache kwanza, na wakionekana salama, kwa wengine.

Kosa la namna hii si geni. Mwaka 1996 watu walivumbua kwamba kompyuta nyingi za wakati ule ziliweza kuangushwa kwa ujumbe mmoja tu wa intaneti. Sheria husema ujumbe wa namna hiyo usipite baiti 65,535. Mtu alikata ujumbe mkubwa kuliko sheria katika vipande vidogo, akavituma. Kerneli ilivipokea, ikaviunga, wala haikuhesabu jumla yake. Vikafurika nje ya chombo. Dawa yake ikawa ileile: hesabu kabla ya kumimina.

Baada ya tarehe 19 tulibishana sana, sisi mafundi wa mji wetu. Mmoja alisema: «Yule wa mwaka 1996 alikuwa mgeni, inafaa kumpekua. Lakini faili la mlinzi linatoka kwa bwana wa mlinzi. Nani humpekua mtu wa nyumba yake?» Maneno yake yana uzito, maana kukagua kila kitu kunachelewesha kazi. Lakini sisi tulimjibu hivi: hatuhesabu kwa sababu mletaji ni mwizi. Tunahesabu kwa sababu hata mtu mwema huweza kuangusha kitu kimoja njiani.

Jambo hili tunalijua kwa kazi yetu. Katika zahanati moja tunayoitunzia kompyuta, tuliweka kanuni kwamba uzito wa mtoto mchanga usiandikwe kama unapita kilo 15. Karani, mama mwenye bidii na akili, alichukizwa. Akatuambia: «Miaka 11 ninaandika wagonjwa. Sasa mashini inanikagua kama mwanafunzi?» Tulimweleza kwa heshima kwamba dawa ya mtoto hupimwa kwa uzito wake, na kwamba nukta moja ikisahauliwa, kilo 4.5 zinakuwa 45. Alinyamaza kidogo, kisha akasema: «Hapo sawa. Mnamlinda mtoto, hamnishitaki mimi.» Hatujasikia neno lililo bora kuliko hilo katika ufundi wetu.

Wazee husema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mama wa sokoni humhesabia dada yake pesa mbele ya macho yake, na dada haoni haya. Wote wawili wanarudi nyumbani na amani. Vivyo hivyo ninyi vijana mnaojifunza kuandika programu: msione uvivu kuweka ule mstari mmoja wa kuuliza, «Vimetimia?» Uandikeni hata pale mletaji ni rafiki, hata pale mletaji ni ninyi wenyewe. Na ninyi mnaotumia mashini, ikiwauliza mara ya pili, msikasirike. Kuna mtu kitandani, au safarini, ambaye hamumjui, naye anategemea hesabu hiyo.