Jina la Mwanafunzi na Ulimi wa Mwalimu

Mwalimu aingiapo darasani kwa mara ya kwanza, kazi yake ya awali si Hesabu wala Kusoma, bali ni kuita majina. Kazi hii huonekana ndogo. Hata hivyo, tumesikia mabishano makali juu yake katika vyumba vya walimu, na yafaa wanachuo wayapime kabla ya kwenda kwenye mazoezi ya kufundisha.

Wako wasemao kwamba jina likishaingia katika Kiswahili halina budi kufuata sauti za Kiswahili, na mkazo wake uwe juu ya silabi ya pili kutoka mwisho. Wengine hujibu kwamba jina si neno la kamusi; ni mali ya mwenyewe. Kila upande una sehemu yake ya haki.

Tutazame Usukumani. Vijiji vingi ambavyo ramani huviandika kwa Mwa-, wenyeji huvitamka kwa Ng'wa-, maana "mwana" wa Kiswahili ndiye "ng'wana" wa Kisukuma. Kwa sababu hiyo yule mtu mashuhuri aliyesifika kwa uganga huandikwa Mwanamalundi katika kitabu hiki, na Ng'wanamalundi katika kile. Wilaya ya Nyang'hwale, mkoani Geita, hubeba katika tahajia yake sauti ambayo Kiswahili hakina. Wageni wengi huishia kusema Nyangwale. Huko Kagera, jina lile lile la ukoo huweza kuandikwa Lwegasira au Rwegasira. Na familia zenye asili ya ng'ambo ya Ziwa Tanganyika huandika Ramazani, kama ilivyo desturi katika Kongo, hali mwalimu aliyelelewa Pwani hudai Ramadhani.

Jambo hili halikomei kwenye masikio. Sikio la mwandishi ndilo huamua tahajia. Wajerumani waliopigana na Mtwa wa Wahehe, aliyefariki mwaka 1898, waliliandika jina lake Quawa. Sisi twaandika Mkwawa, na hilo nalo ni ufupisho wa Mkwavinyika. Mwalimu aandikapo jina katika daftari la mahudhurio anafanya kazi ile ile. Akisikia L pale palipo na R, kosa hilo huhamia kwenye fomu za usajili wa mtihani, kisha kwenye cheti. Miaka kadhaa baadaye kijana hukuta kwamba cheti chake cha shule hakipatani na cheti cha kuzaliwa, naye hulazimika kutafuta hati ya kiapo ili kuthibitisha kwamba yeye ni yeye. Gharama hiyo hailipwi na mwalimu.

Kwa hiyo twashauri mambo matatu yatenganishwe. Kwanza, jina la mahali. Katika somo la Jiografia litumike jina lililozoeleka nchini, ili wote waelewane. Lakini wanafunzi waelezwe wenyeji husemaje. Pili, jina la mtu. Hapa mwamuzi ni mwenye jina na wazazi wake. Tatu, somo la matamshi. Sauti ya dh hufundishwa kwa maneno kama dhahabu, fedha na dhambi. Haifundishwi kwa kumsahihisha Ramazani mbele ya wenzake. Mtoto anayeambiwa kwamba jina alilopewa na babu yake ni kosa la Kiswahili hajifunzi Kiswahili. Hujifunza kuwaonea haya watu wa kwao.

Njia yenyewe ni nyepesi. Siku ya kwanza, kila mwanafunzi alitaje jina lake yeye mwenyewe, na mwalimu alirudie baada yake. Panapo ugumu, mwalimu aandike silabi kwa penseli pembeni mwa daftari na kuweka alama juu ya silabi yenye mkazo. Darasa lisiruhusiwe kucheka. Kabla ya kujaza fomu yoyote, jina lilinganishwe na cheti cha kuzaliwa, au mzazi aulizwe.

Iwapo ulimi wa mwalimu utashindwa na sauti fulani, hapana aibu. Mwalimu asilibadili jina ili kuurahisishia ulimi wake kazi. Aendelee kujaribu, na mtoto amsikie akijaribu.