Majina Mawili Katika Daftari



Wengi wenu mwatujua. Sisi ni wale kina mama wa Kibokoni tunaokutana kila Alhamisi baada ya sala ya Alasiri, ukumbini kwa mwenzetu, kila mmoja na kofia yake na sindano yake. Tulianza kwa mchezo wa shilingi 200 kwa juma, pesa za kununulia uzi na kulipia ada ya madrasa. Leo twaandika juu ya jambo ambalo kwa muda mrefu tuliona haya kulisema.

Wawili kati yetu hawakuwa wa mtaani. Walikuwa Wapemba wa kijiji kimoja cha pwani ya Kwale, nao walivuka feri ya Likoni kila Alhamisi na kazi zao zimefungwa katika kanga. Mikono yao ilikuwa myepesi kuliko yetu sote. Kofia ya kazi ya mkono yaweza kumchukua mshonaji miezi miwili au mitatu, maana kila kitundu huzungushiwa uzi peke yake. Zao zilipofika kwa wenye maduka karibu na Ngome ya Yesu hazikulala. Tulijifunza kwao mengi, ingawa hatukuwahi kuyaita mafunzo.

Wazee wa jamaa hawa walivuka bahari kutoka Pemba, wengine kabla ya Vita Vikuu vya Pili, wengine katika miaka ya 1960, wakifuata samaki au wakikimbia misukosuko. Wenzetu hawa walizaliwa hapa, na watoto wao wakazaliwa hapa, lakini kitambulisho hawakuwa nacho. Asiye nacho hasajili laini ya simu kwa jina lake, hafungui akaunti ya benki, wala mumewe hapati leseni ya uvuvi. Tulisali pamoja, tukasema lugha moja, karatasini hawakuwapo.

Mwaka 2021 tuliletewa agizo la kofia 60 kwa ajili ya Ramadhani, na kitambaa hatukuwa na pesa za kukinunua. Tukawaza mkopo. Tangu mwaka 2007 serikali ina hazina ya kuwakopesha wanawake kwa vikundi, na mkopo wa kikundi wakati huo haukuwa na riba, bali ada ya asilimia 5 ya usimamizi. Ada hiyo ilituchukua miezi mitatu. Je, si riba iliyovishwa buibui? Tulimwendea maalim wa mtaa, akatuuliza maswali kuliko tuliyomuuliza: ada hiyo yalipia nini, na je, yaongezeka mkopaji akichelewa? Tulirudi tukaulizana tena, na waliokuwa na wasiwasi tukawangoja mpaka nyoyo zao zikatulia. Kwa hilo twajisifu, na tulistahili.

Kisha ikaja orodha ya wanachama. Kila jina lilitaka nambari ya kitambulisho pembeni yake. Mmoja wetu akashauri tuwaandike wale wawili kwa nambari za binti zetu. Mkubwa wao akakataa. "Msituandike kwa majina ya kuazima, dada zangu. Tutoeni tu. Sisi tumezoea." Tukawatoa. Mambo ya asilimia 5 tuliyajadili miezi mitatu. Majina ya wenzetu tuliyafuta kabla chai haijapoa.

Mkopo ukaja, shilingi 100,000, tukagawana waliokuwamo orodhani. Wawili hao waliendelea kuvuka feri, wakaendelea kutoa shilingi 200 zao, na karibu nusu ya zile kofia 60 zilipita mikononi mwao. Tuliwalipa kwa kofia, kama walipwavyo vibarua. Faida hawakugawiwa.

Baada ya Idi akaja mkufunzi kutufunza hesabu: mapato, matumizi, akiba, nani amdai nani. Alikuwa kijana, na baadhi yetu tulimpokea kwa kumdharau kidogo, tusifiche. Alituagiza tuje na daftari la zamani na kujumlisha michango ya kila mmoja. Kidole chake kikasimama kwenye mistari miwili: majuma 74, shilingi 14,800 kila mmoja.

"Mama zangu, hawa ni nani? Na mgao wao u wapi?"

Hakuna aliyemjibu. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani ni ya kuandika deni, na mwandishi akaamrishwa aandike kwa uadilifu. Twaijua sote, madrasani tumeisoma. Sisi tuliandika kila shilingi waliyoileta, kisha tukaenda mbele kana kwamba wino huo haukuwa na maana.

Tuliwaita tukawaomba radhi, tukaahidi kulipa kidogo kidogo. Mkubwa wao hakuingoja ahadi hiyo. Alifariki mwaka 2022, Mungu amrehemu, bila kitambulisho.

Wamakonde wa Kwale walitembea kwa miguu kuelekea Nairobi mwaka 2016 ndipo wakatambuliwa kuwa Wakenya. Zamu ya Wapemba ilifika mwaka 2023, na mwezi wa Julai, huko Kilifi, vitambulisho vya kwanza vikatolewa. Yule aliyebaki alipopata chake alikuja nacho Kibokoni, tukakipokezana mikononi kama picha ya mtoto mchanga. Tulidhani atataka jina lake lirudi orodhani. Kumbe amekwisha kuandikisha kikundi chake kijijini, wanawake 18, wengi wao Wapemba, baadhi washona kofia na wengine walima mwani. Alilolitaka kwetu ni mtu wa kuwafunza daftari. Tukamlipa haki yake, na sasa wawili wetu huvuka kwenda kwake kila mwezi. Safari ya feri na matatu, tulipoijaribu wenyewe, ilituchosha mno.

Haki ya marehemu ni ya warithi wake. Mwezi uliopita tulimpelekea binti yake, kwa niaba ya nduguze, zile shilingi 14,800 pamoja na mgao wa faida ya kofia. Alizihesabu mara mbili. Kisha akaomba daftari letu, akatutaka tuandike mbele yake kwamba zimepokewa, na jina la mamake tuliandike kamili, pamoja na la baba na la babu.