Panya Hawangojei Wageni

Friji niliinunua Nairobi kwa mshahara wangu wa tatu. Ikapanda basi hadi Voi, kisha pikapu mpaka Ronge. Mama akaifunika shuka, akaiweka stoo kando ya magunia ya mahindi. "Tutaitumia stima ikija." Stima ikaja. Akasema, wageni wakija.

Panya hawangojei wageni. Meno yao ya mbele hayaachi kukua, kwa hivyo lazima wagugune kitu kuyapunguza: gunia, mbao, plastiki ya waya. Na nyuma ya friji, karibu na mota, kuna giza na utulivu, pazuri pa kuzalia. Fundi kutoka Mwatate alitoa kiota cha shuka iliyochanwa. Waya mbili zilikuwa uchi.

"Mngeiwasha hivi, mngechoma nyumba."

Panya sikuwakasirikia. Kilichoniuma ni vile Mama, miaka hii yote, hajajiona mtu wa kutosha kuwashiwa friji.

Waya zimebadilishwa. Mahindi yamehamia kwa pipa la chuma lenye kifuniko. Friji iko jikoni, ndani mna maziwa na nusu papai. Papai ni la Mama.